Gita Alilolichagua Marvin

Ruiru
Jumapili, 2 Februari 2025

Kaka yangu Boaz,

Pokea salamu zangu na za Bridget. Sisi tunaamka na tunalala, na katikati ya hayo mawili kuna kazi. Januari ilikuwa ya sare za shule, na nimeshona mpaka cherehani ikawa moto. Bridget ameingia Gredi ya Nane. Amerefuka sana, sketi ya mwaka jana nimeishusha upindo mara mbili na bado haifiki gotini. Baba yao amerudi kazini Eldoret. Nisalimie wifi yangu Carolyne, umwambie ule unga wa wimbi ulifika salama.

Utashangaa kuona barua, na kutoka hapa hadi Thika si hata saa moja. Nitakwambia ukweli. Nikisikia sauti yako kwa simu nalia. Marvin alichukua kwako ile tabia ya kuvuta neno la mwisho, na sasa wewe ndiye umebaki nayo peke yako. Mara ya mwisho uliponipigia nilililia gauni la harusi la mteja likapata doa. Kwa karatasi naweza kusimama, nikanawa uso, nikarudi. Trizah wa kwaya yenu anafanya kazi huku na anarudi huko kwenu Landless kila Jumamosi. Amekubali kubeba.

Jambo lingine dogo. Wateja wameanza kuniita Mama Bridget. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, nafikiri wananihurumia. Mimi huwa naendelea kushona kana kwamba sijasikia, mpaka mtu aseme Mama Marvin ndipo nainua kichwa.

Sasa nililotaka. Ile Jumamosi ya Novemba ulipompeleka Marvin dukani kwa Muriithi kujaribu yale magita mawili, alirudi jioni akaniambia, "Mum, nimepata yangu." Sikumwuliza ni lipi. Niliona tuna Desemba nzima mbele yetu. Jumanne iliyofuata homa ya uti wa mgongo ikamchukua, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza habari ya gita.

Bridget anataka kujifunza. Zamu yangu ya pesa za chama imefika mwezi huu. Nataka kununua lile lile alilolichagua kaka yake, si lingine. Wewe ulikuwepo. Niambie tu ni lipi.

Dada yako,
Nekesa


Landless, Thika
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada Nekesa,

Barua yako nilipewa na Trizah tarehe 8, baada ya mazoezi ya kwaya. Nimefurahi kusikia habari za Bridget. Sisi hapa tuko. Carolyne anasumbuliwa na goti lakini anatembea. Kiwandani wamenihamisha kutoka mitambo ya kufuma, sasa nakagua vitambaa vikishatiwa rangi. Kazi yangu ni kuangalia jora mbili ambazo kila mtu anasema zinafanana, na kusema hazifanani. Nalipwa kwa kutoridhika, kama Carolyne anavyosema.

Kuhusu magita. Jana nilipita kwa Muriithi, bado anayo yote mawili. Nilikaa nayo kutoka saa nane hadi saa kumi na nusu, na haya ndiyo niliyoandika kwenye daftari.

Ni ya fundi mmoja, umbo moja, na yote ni gita kavu, yaani halihitaji umeme. Mbao zote ni nzima, si zile za kubandikwa tabaka juu ya tabaka. Mgongo na mbavu ni mbao ileile. Tofauti iko usoni: la kwanza lina uso wa mbao nyeupe, la pili uso wa mwerezi, mbao nyekundu. Shingo ya la pili ni nene kidogo, kama unene wa kadi mbili za simu. Nilipiga uzi wa tano mtupu, bila kuubana, nikahesabu kwa saa ya mkono: jeupe lilivuma sekunde kumi na moja, jekundu kumi. Nilirudia mara sita. Nilitaka kujua uzito, nikayateremsha hadi kwa Mumbi anayeuza nafaka chini ya duka, nikamwomba mizani. Akaniambia, "Mzee, hii sasa utauza kwa kilo ama kwa gorogoro?" Yametofautiana kwa kiasi cha kiganja cha maharagwe.

Sauti ndiyo mambo yote. Jeupe linasema waziwazi. Ukivuta uzi mwembamba kwa kidole cha shahada, kama tunavyopiga kwetu, linaita mtu kutoka nyumba ya pili. Jekundu lina sauti iliyojifunika blanketi. Ni zuri, sikatai, lakini si la mtindo wetu, na mtoto anayeanza anahitaji kusikia kosa lake.

Mnunulie Bridget jeupe. Nimemwambia Muriithi asiliuze.

Kaka yako,
Boaz


Ruiru
Jumapili, 9 Machi 2025

Kaka Boaz,

Habari za goti la Carolyne? Mwambie ajaribu maji ya moto na chumvi. Huku mvua haijaja na vumbi linaingia mpaka kwenye kikebe cha vifungo. Bridget ameshika nafasi ya nne darasani. Alipofika nyumbani alisimama mlangoni akaniambia, "Mum, kaa chini kwanza." Nilikaa. Kumbe ni ripoti ya shule. Nimemwomba asiniambie tena nikae chini, hata kama habari ni nzuri.

Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Nimejua unene wa shingo, nimejua sekunde, nimejua maharagwe. Sikukuuliza hayo. Niliuliza Marvin alichagua lipi.

Wewe ndiye ulimfundisha kushika gita akiwa na miaka tisa. Ulikuwa ukiniambia hujawahi kuona sikio kama lake, kwamba akiwa jikoni anaweza kukwambia uzi gani umelegea sebuleni. Kwa hiyo akisema amepata lake, amepata. Sisi wengine ni nani wa kumpima kwa saa?

Ni lipi, Boaz?

Nekesa


Landless, Thika
Jumapili, 6 Aprili 2025

Dada Nekesa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Trizah alikuwa na likizo, halafu mimi nikawa na zamu ya usiku wiki mbili. Hayo ni kweli, ingawa wiki moja zaidi ilikuwa ni mimi tu.

Hongera kwa Bridget. Mpe huo mfuko wa njugu, umwambie nafasi ya nne inatosha, asikimbilie ya kwanza akaumia. Mvua imeanza huku. Kwaya tunajiandaa kwa Pasaka. Sijapiga gita kanisani tangu Novemba, Gichuru ananishikia nafasi. Anapiga kama mtu anayebisha mlango wa mwenye deni, lakini waumini wamezoea.

Marvin alichagua la pili, lile jekundu.

Sasa nisikilize kama kaka yako mkubwa. Usilinunue hilo. Kuchagua gita dukani kwa dakika arobaini si sawa na kuishi nalo. Hata mimi hubadilisha mawazo. Siku ile duka lilikuwa na kelele, na kijana alikuwa amechoka. Angerudi Desemba angechukua jeupe, naweza kuapa. Nililijua sikio lake, wewe mwenyewe umesema.

Pasaka nitakuja Ruiru, mimi na Carolyne, tuongee vizuri.

Boaz


Ruiru
Jumapili, 18 Mei 2025

Kaka Boaz,

Natumaini mko wazima. Pasaka tulipika kuku wawili. Bridget alikaa dirishani tangu saa nne. Saa tisa alikuja mezani akasema, "Si tule tu." Tukala. Carolyne alinipigia Jumatatu akasema ulikuwa umevaa viatu tayari, halafu ukavivua, ukasema una kazi ya kumaliza. Sikumwuliza kazi gani.

Alhamisi iliyopita nilifunga kibanda nikaja Thika. Sikukuambia. Nilitaka kuliona hilo gita jekundu kwa macho yangu na nilipe, yaishe.

Nilimkuta Muriithi anakunywa chai. Nikamwambia nimekuja kwa gita ambalo kijana wangu alichagua mwaka jana, alikuja na mjomba wake, mrefu, mkaguzi wa kiwanda cha vitambaa. Aliweka kikombe chini.

"Ngai! Wewe ndiye mama wa yule kijana? Pole sana, mama. Nilisikia. Kijana alikuwa na mkono mtamu yule."

"Alichagua lile jekundu?"

"Eeh, hiyo tu. Nilishangaa, maanake siku zingine zote akikuja hapa alikuwa anataka hii nyeupe. Hata nilimwambia, 'Wewe leo umekuwa mzee?' Naye mjomba akamcheka sana, akamwambia hana masikio. Ilikuwa mzaha tu, mama. Watu wote tulicheka."

Nilimwuliza, na Marvin? Akasema Marvin naye alicheka kidogo, halafu akakaa kwenye ngazi akingoja umalize kuongea na watu.

Sikununua. Nilirudi nyumbani.

Boaz, mwanangu hakuwa mtu wa kukaa kwenye ngazi ukiwa ndani na magita. Na wewe hukuniambia siku hizo zingine zote alitaka jeupe. Tangu tukiwa watoto Bungoma unaandika kila siku kwenye daftari lako. Uliandika siku mama alipouza ng'ombe, uliandika siku nilipoanguka kisimani. Najua uliandika Jumamosi hiyo. Ninakilie ukurasa huo kwa mkono wako. Usinipimie kitu. Usinishauri. Ninakilie tu.

Mpaka hapo sitaandika.

Nekesa


Landless, Thika
Jumapili, 13 Julai 2025

Nekesa,

Naanza na salamu kwa sababu sijui kuanza vingine. Carolyne anakusalimu. Yeye ndiye ameniwekea karatasi hii mezani, akachukua simu yangu na redio, akatoka.

Ukurasa ni huu, nanakili kama ulivyo:

"Jumamosi 9/11/2024. Mawingu, hakuna mvua. Asubuhi kazi hadi saa sita. Saa saba na nusu kwa Muriithi na Marvin. Kachagua la mwerezi. Sikio limelala leo. Kuzungumza naye Desemba. Saa kumi na robo nimempandisha gari la Ruiru. Jioni mazoezi ya kwaya, besi dhaifu."

Ni hayo tu. Kwa miezi minane nimekuwa nikiusoma ukurasa huu nikijiambia hauna kitu, na kwamba hata ukiuliza nitakuonyesha na hutaona kitu. Kwa hiyo sasa naandika ambayo sikuandika.

Tulianza na jeupe. Nilimpa akapiga wimbo ule wa kuvunja mahindi. Alipofika kwenye nyuzi nyembamba akaacha. Akaniambia mimi mjomba wake, "Khocha, hii inanigonga kwa kichwa." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya gita zuri. Akajaribu tena, akaacha tena, akafumba macho. Nikampa jekundu. Akapiga polepole, kwa kidole gumba tu. Akasema, "Hii iko poa. Inakuja kutoka mbali."

Nikamwuliza, "Kutoka mbali wapi? Kwa jirani?" Watu wakacheka. Mimi nikiona watu wanacheka huwa naongeza, unanijua. Nikasema huyu ndiye eti nimefundisha miaka minane, leo anachagua gita la wazee wa kusinzia. Akasema, "Si leo kichwa kinaniuma tu." Nikamwambia, "Ngoja nikuamshe hilo sikio." Nikampiga konzi.

Haikuwa ya hasira. Ni ile nimempiga mara mia tangu akiwa mdogo, akikosea. Lakini alishika kichwa kwa mikono miwili, Nekesa, akakaa hivyo muda mrefu kuliko konzi. Niliona. Mimi ndiye mtu wa kuona jora mbili hazifanani. Niliona, nikasema acha uigizaji. Akacheka ili nisiaibike. Akaenda kukaa kwenye ngazi, na mimi nikaendelea kuongea na watu kwa dakika ishirini.

Daktari alipotuambia Jumanne kwamba ugonjwa huo huanza na kichwa, na kwamba mgonjwa huchukia kelele, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ulisema, "Lakini Jumamosi alikuwa mzima, alikuwa na mjomba wake." Ukageuka kuniangalia ili nikubali. Nikakubali. Niliitikia kwa kichwa.

Ndiyo sababu sikutaka ulinunue jekundu. Hakulichagua. Maumivu yalilichagua. Kila mara Bridget angelipiga ningesikia nilichokataa kusikia. Nilifikiri nikikuuzia jeupe, hii itazikwa.

Jumapili ile ningeweza kupiga simu nikuulize kichwa chake kinaendeleaje. Sikuandika kwenye daftari kwa hiyo sikukumbuka.

Boaz


Ruiru
Jumapili, 10 Agosti 2025

Boaz,

Tuko wazima. Shule zimefungwa, Bridget ananisaidia kushona vifungo. Mwambie Carolyne asante.

Barua yako niliisoma mara moja, nimesimama. Sijairudia. Nimeiweka chini ya vitambaa vya kaptura, mahali ambapo sifiki mpaka Januari.

Konzi. Umeandika neno hilo kama mtu anayeweka kikombe mezani polepole ili mtoto asiamke. Mimi nimelisikia mchana kutwa. Na nimesikia zaidi ile dakika ya hospitali, ulipoitikia kwa kichwa. Konzi ulipiga bila kujua. Hapo hospitalini ulijua.

Nami nitasema langu, si kwa ajili ya kukupunguzia. Jumamosi hiyo jioni aliniomba nizime taa, akasema inamchoma macho. Nilikuwa na magauni matatu ya harusi. Nikamwambia ageukie ukuta. Aligeuka. Jumapili nilimpa dawa ya kichwa nikaenda kanisani.

Jumanne hii nilikuja Thika tena, na Bridget. Muriithi alitupa viti. Bridget hajui kupiga, lakini alivuta uzi mmoja mmoja, kwanza jekundu, halafu jeupe, halafu akarudia. Sikumwambia lolote, hata kaka yake alichagua lipi. Mwishowe akasema, "Mum, hii nyeupe. Hii inaita."

Nilimwekea mkono kwenye paji la uso, hapo hapo dukani. Nikamwuliza kama kichwa kinauma. Akasema hapana. Nikamwambia apige tena, kwa nguvu, karibu na sikio. Akapiga. Nikamwuliza tena, na shingo? Akasema, "Mum, niko sawa. Kwani?" Nikamwuliza mara ya tatu. Muriithi aliangalia pembeni.

Basi tumenunua jeupe. Kuhusu gita ulikuwa umesema kweli, na nimekupa haki yako.

Kabla hatujatoka nilimwomba Muriithi anipigie lile jekundu, kidogo tu, kwa kidole gumba. Alipiga. Nilifumba macho. Ni kweli linatoka mbali. Halimgusi mtu. Nilikaa pale nikafikiri kwamba siku ile mtoto wangu alikuwa na mjomba wake, na watu dukani wakicheka naye, na jioni alikuwa na mama yake, na katika sisi sote ni kipande hicho cha mbao peke yake kilichomhurumia. Nilitaka nikijue kabla sijakiacha. Nimekiacha ukutani. Mtu atakinunua na hatajua.

Bridget anauliza khocha ataanza lini kumfundisha. Nimemwambia uko na zamu za usiku. Kwa sasa Janice wa Shule ya Jumapili atamwonyesha namna ya kushika.

Usije, Boaz. Usivae viatu. Sisemi usije milele, sina nguvu ya kusema milele. Lakini ukiingia hapa leo nitaangalia mkono wako wa kulia kabla sijaangalia uso wako, na Bridget ataona ninapoangalia.

Siku nikiweza kuanza na uso, nitakuita.

Mama Marvin